Rangi Pekee Haitoshi: Jinsi ya Kusoma Ujumbe wa Malipo kwenye Skrini

Chukulia mfano huu. Muuza mchele mjini Kahama anaoneshwa skrini ya simu na mteja aliyetoka Geita. Pembeni mwa kiasi cha fedha kuna kiduara kidogo tu. Muuzaji anaamini kuwa malipo yamekamilika na anaruhusu gunia lipakiwe. Jioni, anapoangalia salio, fedha haimo. Kiduara kile kilikuwa chekundu, lakini machoni pake nyekundu na kijani hufanana.

Hali hii huitwa upofu wa rangi. Jina hilo linaweza kupotosha, kwa kuwa wengi walio nayo huona rangi, ila hushindwa kutofautisha baadhi yake, hasa nyekundu na kijani. Mara nyingi hurithiwa kupitia kwa mama, na huwapata zaidi wanaume. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 1 kati ya 12 anayo. Barani Afrika kiwango huwa cha chini, lakini watu hao wapo, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujitambua.

Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, toleo la mwaka 2008, inaelekeza kwamba rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa. Ujumbe mzuri hutumia maneno kamili, kama vile “Malipo yamekamilika” au “Malipo yameshindikana”, pamoja na alama zenye maumbo tofauti, kama vile vema na kosa. Maandishi nayo yakolee dhidi ya mandhari yake. Utaratibu huu humfaa kila mtumiaji: chini ya jua kali la machimbo ya Nyarugusu, hata mwenye macho timamu hupata shida kutambua rangi za skrini.

Tunamshauri mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Soma maneno, usitegemee rangi. Menyu ya simu ya kitochi ina faida hiyo, kwa kuwa hutumia maandishi.

2. Unapouza, usiridhike na skrini ya mnunuzi. Subiri ujumbe wa uthibitisho katika simu yako, kisha angalia salio.

3. Unapolipa, usirudie muamala kabla ya kuhakikisha kuwa wa kwanza umeshindikana.

4. Simu janja nyingi zina mpangilio wa kurekebisha rangi. Ukishindwa kuupata, omba msaada kwa mtu unayemwamini, bila kumpa namba yako ya siri.

Iwapo programu ya mtoa huduma wako inaonesha matokeo kwa rangi pekee, mweleze. Hilo ni lalamiko halali. Tunza kumbukumbu namba ya muamala na tarehe ya kulalamika. Usiporidhika na majibu yake, wasilisha lalamiko kwa mamlaka inayosimamia huduma hiyo.