Je, Wajua? Kidonda cha BCG hakitaki dawa

Chanjo ya kifua kikuu (BCG) hutoa kidonda ikiwa imeshasahaulika. Mtoto huchomwa akizaliwa. Wiki mbili hivi baadaye kipele huvimba, kipana kama kitako cha penseli. Hutoa usaha kidogo, hukauka chenyewe, huacha kovu: Watanzania bega la kulia, Wakenya mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Usikikamue. Usipake kitu, hata dawa ya mswaki (wapo wanaopaka!).

Chanjo nyingine huleta homa. Ya pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) huja ndani ya siku mbili. Ya surua huchelewa, siku ya 7 hadi ya 12.

Mtoto anayenyonya huku akichomwa sindano hulia kidogo tu.

Baada ya chanjo, mtoto akipata degedege au akigoma kunyonya, mwahishe kituo cha afya.