Je, Wajua? Klova ya Mlima Kates

Klova hii adimu ni ya jamii ya mikunde, ndugu wa kunde na karanga. John Kunkel Small, mtaalamu wa mimea, aliikuta mwaka 1892 kwenye Mlima Kates, West Virginia, nchini Marekani. Huota kwenye miteremko mikavu ya mawe yanayobanduka vipande vipande, ambako kiangazi ardhi huunguza na mimea mingi hushindwa. Yenyewe hutambaa chini, mzizi wake mrefu umezama kwenye nyufa kutafuta maji. Ukiinama utaona vijani vyembamba, vitatu vitatu, na kichwa cheupe cha vijiua vilivyosongamana. Uzuri ulioje! Kiasili inapatikana katika majimbo manne tu ya milima ya Appalachia, kwa hiyo mteremko mmoja ukichimbwa barabara, hasara yake ni kubwa mno.