Akibadili Kazi, Abadili na Kibali

Mgeni anapohamia kijijini, hapa Janga au penginepo katika Kibaha na Kisarawe, jambo la kwanza analoulizwa ni amekuja kufanya nini. Swali hilo si la uchokozi. Ndilo lililojengewa madaraja matatu ya vibali vya ukaazi katika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995: daraja A kwa mwenye mtaji anayejiajiri mwenyewe, daraja B kwa aliyeajiriwa, na daraja C kwa mwanafunzi, mtafiti, mmisionari, mstaafu na wengineo wa namna hiyo. Kibali hakimruhusu mtu kukaa tu. Humruhusu kukaa kwa ajili ya kazi iliyoandikwa. Kazi ile ikikoma au ikigeuka, kibali nacho kimepoteza msingi wake, hata kama tarehe iliyopigwa muhuri bado haijafika.

Tumeona vema kulizungumza jambo hili kwa sababu Mkoa wa Pwani umebadilika sana. Viwanda vimeota kando ya barabara ya Morogoro, na mwezi Julai 2025 bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa. Pamoja na mitambo wamekuja mafundi wa kigeni, na walio wengi wanaifanya kazi iliyowaleta. Hao hatuna ugomvi nao. Wazee wa Tumbi wanawakumbuka wataalamu wa nchi za Nordic waliofika miaka ya 1960 kwa mradi wa elimu, afya na kilimo. Mwaka 1970 mradi huo ukakabidhiwa kwa Serikali yetu, na matunda yake ni Shirika la Elimu Kibaha. Walisema wamekuja kufanya nini, wakakifanya, wakakabidhi.

Tunayemsema ni yule aliyeingia kwa kibali cha fundi wa mashine, na baada ya mwaka mmoja anaonekana akiuza bidhaa rejareja pembeni mwa mama wa Kitanzania mwenye meza moja. Mama yule hana mkopo wala ghala, na mgeni ana vyote viwili. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali na ununuzi wa mazao shambani. Anayeivunja hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miezi sita, na kibali chake hufutwa. Amri hiyo tuliipokea kwa furaha. Lakini amri haimtambui mtu kwa sura. Ni lazima awepo ofisa anayejua kibali cha mgeni kimeandikwa nini.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani jambo hili lina fundo la ziada. Uhamiaji ni jambo la Muungano, bali kazi si jambo la Muungano. Kwa hiyo kibali cha ukaazi hutolewa na Idara moja, ilhali kibali cha kazi kwa anayeajiriwa Unguja au Pemba hufuata Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005, na kwa anayeajiriwa Kibaha hufuata sheria ya bara ya mwaka 2015. Mpishi wa hoteli ya Nungwi anayehamishiwa bara na tajiri yule yule hana budi kuanza upya kwa Kamishna wa Kazi wa bara. Ndugu zetu wa Mafia, ambao kwa bahari ni watu wa visiwani, kwa sheria hii ni watu wa bara. Huko Mafia mtafiti anaweza kuja kumchunguza papa potwe kwa kibali cha daraja C. Utafiti ukiisha, akaanza kuwatembeza watalii kwa malipo, ameiacha kazi iliyoandikwa na kuingia katika mojawapo ya zile 15 zilizokatazwa. Huenda wavuvi wakawa wa kwanza kujua. Lakini wavuvi hao wamwambie nani?

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Wapo wageni wanaotaka kubadili shabaha ya ukaazi wao kwa uaminifu. Mhandisi mwenye daraja B aliyemaliza mkataba wake na sasa anataka kuweka mtaji wake katika kiwanda anatafuta daraja A. Huyo taifa linamhitaji. Mke wa kigeni wa raia wetu, anayeishi kwa hati ya utegemezi, hana ruhusa ya kuajiriwa wala kufanya biashara mpaka apate kibali kingine kwanza. Kwa watu hawa hakuna kuandika neno jipya juu ya neno la zamani: maombi ni mapya na ada ni mpya, na ada ya daraja A ni kubwa kuliko ya daraja C. Katika kusubiri huko ndimo vishawishi vinamoota, maana aliyekatazwa kufanya kazi bado anakula na kulipa kodi ya nyumba. Maofisa wanaojibu maombi haya kwa haraka, iwe kwa ndiyo au kwa hapana, wanampunguzia mgeni sababu ya kujificha, na wanampunguzia mtendaji wa kata kishawishi cha kufumba macho.

Tunawaomba wakuu wa wilaya na Idara ya Uhamiaji wawape watendaji wa vijiji na kata maelezo ya madaraja haya kwa Kiswahili chepesi, pamoja na orodha ya biashara zile 15, yabandikwe palipo na ubao wa matangazo, Janga na Kisarawe hadi Kilindoni. Na yabandikwe kabla ya Oktoba, wakati wanunuzi wa kangomba wanapoanza kuzunguka mashambani kutafuta korosho.