Insha ya Kijana wa Butiama
Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake akiwa mwanafunzi Makerere. Alichukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill, akazipima kwa maisha ya akina mama wa Kizanaki.

Mbinu hiyo inafaa hata leo kwa kidato cha tatu Bunda. Chukua kisa cha Mmarekani O. Henry cha mwaka 1905: Della anauza nywele zake amnunulie mumewe mkufu wa saa, mume naye keshauza saa, kamletea machanuo ya nywele.

Upendo, au uzembe wa kutoulizana? Darasa libishane kwanza, likikipima kisa hicho kwa maisha ya nyumbani kwao. Kisha kila mmoja aandike msimamo wake, na ushahidi autoe ndani ya hadithi. Muhtasari mtupu usipewe alama.