Tundu la moyo: usimlaumu mama



Mama mmoja wa hapa Pasiansi alimleta mwanawe wa miezi mitatu, anahema haraka na kutokwa jasho kila anaponyonya. Kabla ya hapo nilikuwa nimemtibu nimonia mara mbili, na mara zote mbili sikuusikiliza moyo kwa utulivu. Mara ya tatu nikasikia mvumo. Bugando wakampima kwa eko: tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo. Mama mkwe alikuwa na jibu lake tayari. Eti mkwewe alifunga Ramadhani akiwa na mimba ya miezi saba!

Hebu tuhesabu. Moyo huanza kama mrija mwembamba. Yapata siku ya 22 tangu mimba kutunga, mrija huo huanza kudunda. Kisha hujikunja, na kuta huota ndani yake zikielekeana mpaka zikutane, ili kupatikana vyumba vinne. Wiki ya 8 kazi hiyo huwa karibu imekwisha. Kuta zisipokutana, hubaki tundu. Wakati huo kina mama wengi hata kliniki hawajaanza. Saumu ya mwezi wa saba inaingiaje hapo?

Mbona basi alizaliwa akionekana mzima? Tumboni mtoto hapumui kwa mapafu. Oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma. Akishazaliwa, mishipa ya mapafu hubaki imebana kwa wiki kadhaa. Ikilegea, damu ya chumba cha kushoto, chenye nguvu zaidi, hupenya tunduni na kufurika mapafuni. Ndipo huja kuhema, jasho, kudumaa na "nimonia" isiyokwisha.

(Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis aliwapinga waliomtangulia, akaandika kwamba ukuta huo hauna matundu. Kwa moyo uliokamilika, alisema kweli.)

Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Vinavyojulikana ni rubela katika miezi mitatu ya mwanzo, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa za kifafa na kasoro za kurithi. Ndoa za ndugu wa karibu nazo huongeza hatari kiasi. Chanjo ya rubela hutolewa nchini pamoja na ya surua tangu 2014. Anayetumia dawa za kifafa asiziache mwenyewe. Amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Matundu madogo mengi huziba yenyewe. Makubwa huhitaji upasuaji, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2015, huwafanyia watoto. Mtoto akiwa bluu, mtazame ulimi na ufizi, maana ngozi yetu huficha, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na ukija kwetu na mtoto anayetoka jasho akinyonya, tuambie wazi tumsikilize moyo. Foleni ikiwa ndefu, nasi hukosea.