Kutembea kwanza, kuandika baadaye

Baadhi ya komite za wakimbizi wa ndani huandika majina ya familia kwenye kompyuta. Jina likipotea katika orodha, familia yaweza kukosa chakula siku ya ugawaji. Kwa hiyo, anayemfundisha mwandishi mpya wa komite asianze na kuandika. Aanze na kutembea ndani ya maandishi.

Mwonyesheni kile kijistari kinachowaka na kuzimika: herufi huingia pale kilipo, siyo pale macho yanapotazama. Kisha mwacheni na ile mishale 4 tu, bila kipanya. Apande, ashuke, aende kushoto na kulia hadi vidole vizoee. Kesho yake ashike Ctrl na kubonyeza Fin: atafika mwisho wa orodha, mahali pa kuongeza familia iliyowasili leo.

Kitufe cha hatari ni Maj. Kibodi zetu za Kifaransa hukidai kwa kila tarakimu ya mstari wa juu. Mtu anaandika umri wa mtoto, anasahau kukiachia, anabonyeza mshale. Majina yanapakwa rangi. Hapo akigusa herufi moja tu, yote yaliyopakwa yanafutika! Wengi huogopa na kufunga faili, na kumbe Ctrl na Z ingeyarudisha kabla ya kufunga. Basi mpeni nakala ya orodha, siyo orodha yenyewe, ayafute majina kwa makusudi na kuyarudisha, hata mara 10.