Lenzi Ipi Inunuliwe Kwanza?



Mavuno yakishaingia ghalani hapa Songea, huanza msimu wa harusi, ubatizo na kipaimara. Kila sherehe hutaka mpiga picha, na siku hizi si ajabu kumwona mama amening'iniza kamera shingoni, kitenge kimefungwa sawasawa, akipanga watu mbele ya kanisa. Kazi hii imelipa ada za watoto katika nyumba tunazozifahamu.

Balaa lake pia tumeliona. Mama ananunua kamera ya mtumba pamoja na lenzi yake ndogo, picha zinatoka vizuri, kisha anaambiwa kwamba bila lenzi ya vitu vidogo na lenzi ya kuchukua eneo pana yeye bado si mpiga picha. Anakwenda kikoba, anakopa, na baba watoto anaarifiwa baadaye. Siku za marejesho zinafika, lenzi iko kabatini. Ndiyo maana tumeona tulizungumze jambo hili kabla fedha haijatoka.

Tuanze na lenzi uliyo nayo. Kamera nyingi za wanaoanza huja na lenzi iliyoandikwa 18-55. Hizo ni milimita: namba ndogo huchukua eneo pana, namba kubwa huvuta kitu karibu. Watu huidharau bure. Kwa mfano, ile ya Canon aina ya STM, ukiiweka kwenye 55 na kusogea mpaka sentimita 25 kutoka nyuma ya kamera, picha nzima itabeba upana wa sentimita 6 tu. Pete ya ndoa ina upana wa sentimita 2 hivi, kwa hiyo itachukua theluthi moja ya picha. Kwa albamu ya harusi hiyo inatosha kabisa! Jaribu leo jioni na pete yako mwenyewe.

Upande wa eneo pana ndiko kwenye shida ya kweli. Nje, tuseme kwenye uwanja wa Makumbusho ya Majimaji, unarudi hatua tano nyuma na ukoo wote unaingia. Sebuleni, ukirudi nyuma unagonga kabati. Ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, lenzi ya 18 kwenye kamera hizi ndogo itachukua mstari wa mita 3.7 hivi. Ya milimita 10, mahali pale pale, itachukua karibu mita 6.7. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumwacha shangazi nje ya picha na kumweka ndani, na mashangazi hawasahau.

Kwa hiyo kwa mama wa sherehe za mjini kwetu sisi tunasema wazi: ukipata fedha, ianze lenzi ya eneo pana. Canon ilitoa yake ya 10-18 mwaka 2014 kwa dola 299 za Marekani, na za mtumba zipo. Nikon nao wana yao ya 10-20 tangu 2017. Zote mbili hutulia mkono ukitikisika kidogo, jambo linalosaidia ndani ya kanisa, ingawa haziingizi mwanga mwingi. Kwa ibada ya jioni bado utahitaji flashi, au ruhusa ya padre au mchungaji ya kusimama karibu na dirisha.

Lenzi hii ina tabia zake. Walio pembeni huvutwa na kunenepa, kwa hiyo usimweke mama mkwe ukingoni. Usiitumie pia kupiga uso wa mtu kwa karibu, maana pua itatangulia. Na kwa kuwa humlazimu mpigaji kusogea, sisi wauguzi tuna ombi moja: kwa kichanga iache. Rudi kwenye 55, simama mbali kidogo, mkanda wa kamera uwe shingoni, na mwenye mafua asiiname juu ya mtoto hata kidogo.

Sasa lenzi ya vitu vidogo. Lenzi halisi ya kazi hiyo huonyesha kitu kwa ukubwa wake kamili, yaani kitu cha sentimita 2 hivi hujaza picha. Ni nzuri mno, na ni ghali: ile ya Canon ya milimita 100 yenye mstari mwekundu, ya mwaka 2009, ilitoka kwa zaidi ya dola 1,000. Katika harusi nzima pete hupigwa picha mbili au tatu. Piga hesabu mwenyewe.

Njia ya mwenye kipato kidogo ni bomba fupi tupu, lisilo na kioo ndani, linalowekwa kati ya kamera na lenzi. Lenzi ikisogezwa mbele hivyo, huona karibu zaidi. Bomba la milimita 25 likiwekwa nyuma ya lenzi ya milimita 50, upana wa picha hushuka mpaka kati ya sentimita 3 na 4 na nusu. Lakini angalia: yapo mabomba ya bei ya chini sana yasiyo na vijino vya shaba vya kupitisha umeme. Lenzi ya Canon 50 STM ikiwekwa juu ya bomba la namna hiyo haiwezi kurekebishwa hata kwa mkono, kwa sababu hata pete yake ya kuzungusha huendeshwa kwa umeme. Chukua lenye vijino. Kisha weka pete karibu na dirisha, karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga, na kamera itulie juu ya stendi au rundo la vitabu.

Kama riziki yako ni shanga, hereni au vikoi vya kuuza kwa picha, au kama unapanda Kitulo kupiga maua ya mwituni wakati wa mvua, mpangilio unageuka: ya vitu vidogo itangulie.

Kuhusu mtumba, hakikisha lenzi inaingia kwenye kamera yako. Ya Canon haiingii Nikon. Na tangu 2018 kampuni zote mbili zilipoanzisha kamera za mdomo mpya, lenzi za zamani hazikai juu yake bila kiunganishi. Nenda na kamera yako dukani, uifunge, upige. Kisha mulika tochi kupitia kioo. Vumbi dogo si neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Irudishe hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Kuvu hupenda giza na unyevu, na masika yetu ya Desemba hadi Aprili huvileta vyote viwili. Usiifungie lenzi kwenye mfuko wa ngozi miezi mitatu. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mbali na mikono ya watoto, na siku ya jua uitoe ipate hewa.